Kompyuta Iliyorudishwa Mara Mbili

Mwezi wa Oktoba hapa Kitwe usimwombe mtu ushauri. Joto limewapanda watu kichwani, mvua inaahidi na haiji, umeme wa mgao unakuja na kuondoka kwa saa zake, na kila mtu ana hasira asiyojua aielekeze wapi. Ndio mwezi huohuo Nkandu Mutale alipotakiwa kuchagua kompyuta, yeye ambaye hata kuchagua nyanya sokoni humchukua muda mpaka muuzaji anamuuliza kama anatafuta nyanya au mchumba.

Nkandu alikuwa anatengeneza tovuti. Tangu amalize chuo alikuwa amewatengenezea wenye nyumba za wageni, kanisa moja, na muuza majeneza mmoja wa Buchi aliyetaka picha za majeneza yake zizunguke zenyewe kama keki za harusi. Zilikuwa kazi za leo ipo kesho haipo. Kisha, mwezi wa Septemba, ikaja barua pepe kutoka Gaborone, kwa kampuni inayotunza tovuti za kambi za watalii. Waliipenda kazi yake. Walibakiza jaribio moja tu: Ijumaa saa nne asubuhi wangempa tovuti iliyoharibika, naye angeitengeneza kwenye mashine yake huku wao wakimtazama moja kwa moja, kwa saa moja na nusu. Akifaulu, kazi ni ya kudumu, na ataifanya akiwa hapohapo nyumbani kwao Chimwemwe.

Akishindwa, kulikuwa na Solwezi. Mjomba wake alikuwa amemtafutia nafasi kwenye geti la mgodi, kuandika namba za malori yanayopita kwenye mizani. Mjomba ni mtu mwema, na kazi ilikuwa ya halali, na alitaka jibu kabla mwezi haujaisha. Nkandu alikuwa akiiwaza ile mizani anahisi kama mtu amemkalia kifuani.

Kazi yenyewe haikumtisha, maana aliijua kama anavyojua njia ya chooni gizani. Kilichomtisha ni mashine. Mwaka uliopita alipata jaribio kama hilo, na kompyuta yake ya chuo ikaganda katikati ya maneno, uso wake ukabaki kwenye skrini za watu mdomo wazi, jicho moja limefumba. Waliomsaili waliaga kwa adabu na hawakuandika tena. Kompyuta hiyo sasa hata kuwaka ilikuwa haiwaki. Rafiki zake wenye mashine nzuri walikuwa wamehamia Lusaka. Basi Jumamosi ile, siku sita kabla ya jaribio, alipiga moyo konde akaenda kwa Ba Jere.

Ba Jere ana duka nyuma ya soko la Chisokone, limejaa kompyuta zilizotoka kwenye maofisi. Ni mzee wa makamo, mfupi, miwani yake imeungwa kwa gundi, Mngoni wa Chipata hasa. Mjini wanasema mashine za Ba Jere ni za kweli, ila mdomo wake ndio wa kuchujwa.

"Jina nani, mama?" alimuuliza Nkandu alipoingia.

"Nkandu Mutale."

"Mutale! Wa Kasama?" Ba Jere akaruka kutoka kwenye stuli, akaanza kuzikumbatia kompyuta zake. "Jamani, shikeni vitu vyenu! Walaji wa nyani wameingia!"

"Ningekuwa nimeingia zamani," Nkandu akamjibu, "ila nilisimama mlangoni kwanza nizoee harufu. Leo mmebanika panya wangapi?"

Wateja wawili waliokuwa humo wakaangua kicheko. Mbemba wa Kasama na Mngoni wa Chipata ni watani, na utani hauombewi ruhusa. Ukichukia umeshindwa. Ukiamini ulichoambiwa umeshindwa zaidi, maana mji mzima utakucheka.

Nkandu akamweleza habari ya jaribio la Ijumaa, na Ba Jere akaweka mashine mbili juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, kuukuu, nzito, kona zimechubuka, na herufi za kibodi zimefutika kwa vidole vya karani fulani wa mgodi. Memori yake ilikuwa mara mbili ya ile nyingine, na kazi ya Nkandu ni kazi ya kufungua vitu kumi kwa wakati mmoja. Kila kitu ndani yake kilifunguka kwa bisibisi. Ila betri yake ilidumu dakika arobaini, basi. Ya pili ilikuwa mpya, au mpya kwa duka lile, ina mwaka mmoja tu: nyembamba, rangi ya fedha, skrini inang'aa mpaka unataka kujitazama. Memori yake ilitosha, kwa shida shida. Betri yake ilidumu saa saba.

Bei ilikuwa moja, kwa hiyo mfuko haukuweza kumsaidia kuamua.

Chimwemwe umeme ulikuwa unakatwa alfajiri na kurudi mchana, kwa hiyo saa nne asubuhi ya Ijumaa usingekuwepo. Mikahawa ya mjini yenye jenereta alishaijaribu. Intaneti inagombaniwa, muziki unapigwa, na mtu wa meza ya pili anakusimulia ndoa yake. Jaribio ni saa moja na nusu. Mashine moja ina dakika arobaini, nyingine saa saba. Hesabu ilikuwa nyepesi mno, na ndiyo maana Nkandu aliitilia shaka.

"Chukua huyu bibi," Ba Jere alisema, akiipiga ile nyeusi mgongoni. "Huyu amezaa watoto kumi na bado anabeba kuni. Hii nyingine usiichukue. Imerudishwa mara mbili. Wa kwanza alisema inazimika, wa pili akasema inazimika. Mimi nimeifungua, sikuona kitu. Lakini nyinyi Wabemba mnapenda ngozi kuliko nyama, najua utaichukua tu!"

Akacheka mpaka miwani ikateleza. Wateja nao wakacheka.

"Sasa kama inazimika, unaiuza ya nini?"

"Nawauzia wasiosikia."

"Na bibi yako huyu anayezimia kila dakika arobaini, unamtafutia Mbemba wa kumbebesha?"

"Mtani, nimekwambia kweli."

"Kweli na Mngoni walikutana lini?"

Kicheko kikapanda tena, na Nkandu akaondoka mikono mitupu, akisema atafikiria. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake la kwanza, kwa sababu Nkandu akifikiria ni kama mbwa anayefukuza mkia wake.

Jumapili aliamka ameichagua nyeusi. Wakati wa mahubiri akaichagua ya fedha. Jioni, akimsaidia mama yake kuumua unga wa vitumbua vya asubuhi, alikuwa amerudi kwenye nyeusi, na alitia sukari mara mbili mpaka mama akamuuliza kuna nini.

Mama yake, Bana Nkandu, huuza vitumbua getini kwao, na hakuna jambo duniani asilokuwa na kauli juu yake. Nkandu akamweleza yote, pamoja na ile habari ya kurudishwa mara mbili.

"Alisema akicheka?" mama akauliza.

"Alikuwa anacheka mpaka machozi."

"Basi. Angekuwa anasema kweli angesema bila kucheka. Mngoni akikukataza mboga, jua anaitaka yeye. Ile nyeusi imemkalia dukani miaka, anaona haya kuitupa, sasa kamwona mtoto wa Kibemba. Nunua kitu kipya, mwanangu. Nami nikaonyeshe watu."

Lilikuwa ni jambo la maana, au lilionekana hivyo. Jumatatu Nkandu alirudi dukani akaishika ile ya fedha.

"Hii," alisema.

Ba Jere akaitazama kompyuta, akamtazama Nkandu. Akafungua mdomo, kisha akaufunga. Alikuwa hana kicheko siku hiyo. Simu yake ilikuwa sikioni nusu ya muda, na alikuwa akijibu kwa lugha ya kwao, kwa sauti ya chini. Akaifuta mashine kwa kitambaa, akaitia kwenye mfuko, akampa. Nkandu aliliona lile la kufungua mdomo na kuufunga. Alilitafsiri kwa namna yake: mtani amekosa neno, nimemshinda. Alitoka dukani ananyanyua mabega.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Jumanne na Jumatano nyumba nzima ilikuwa inatembea kwa vidole. Bana Nkandu aliifunika ile kompyuta kwa kitambaa cha kufunikia keki, akawa anawafunulia majirani mmoja mmoja, na akawakataza kupumua karibu nayo. Nkandu alifanya kazi ndogondogo usiku, umeme upo na joto limepungua, na mashine ikaenda kama maji. Hata usingizi ulirudi kidogo.

Alhamisi, saa nne asubuhi, akaamua kufanya mazoezi kama vile ndiyo siku yenyewe. Umeme hakuna. Bati juu ya kichwa linachemka. Akafungua programu zake zote, akaunganisha intaneti ya simu, akampigia binamu yake simu ya video ili kuwe na mtu wa kumtazama, akaanza kazi. Kabla ya nusu saa kwisha, skrini ikawa nyeusi.

Haikutoa onyo. Haikulalamika. Ilizimika tu, kama mtu aliyegeuza uso.

Nkandu akaiwasha. Ikawaka vizuri, ikaenda kwa muda mfupi zaidi, ikazimika. Akaiweka juu ya beseni la maji baridi, akaipepea kwa mfuniko wa sufuria. Ikajitahidi kidogo, ikazimika. Mgongo wake ulikuwa wa moto hivi kwamba mkono haukukaa. Ndipo maneno ya Ba Jere yalipomrudia, tena bila kile kicheko: wa kwanza alisema inazimika, wa pili akasema inazimika. Jasho jembamba likamtoka. Aliambiwa. Aliambiwa mbele ya watu, kwa lugha nyepesi ambayo hata mtoto angeielewa, naye akacheka.

Alikimbia mpaka Chisokone, mashine kwapani. Duka lilikuwa limefungwa kwa kufuli mbili. Mwanamke anayeuza chaja pale mlangoni akamwambia, "Ba Jere kafiwa, dada. Mama yake mzazi. Alianza kuumwa Jumatatu, Jumanne akaondoka. Wanazika kesho saa nane. Msiba uko Ndeke."

Jambo la kwanza lililopita kichwani mwa Nkandu lilikuwa: na kompyuta yangu je? La pili lilikuwa aibu, na aibu hiyo ilikuwa kali kuliko joto.

Alirudi nyumbani akakaa sakafuni, akamsimulia mama yake yote, ya kompyuta na ya msiba. "Naenda Solwezi, mama," alisema. "Mwambie mjomba."

Bana Nkandu hakuisikia Solwezi. "Wangoni wamefiwa?" aliuliza. "Wamefiwa tangu Jumanne, na sisi tumekaa hapa tunakaanga vitumbua? Watani watatusemaje!" Akanyanyuka, akafunga kitenge cha pili juu ya cha kwanza, akajifunga kitambaa kichwani. "Inuka. Twende."

"Mama, siwezi kwenda kudai kompyuta msibani."

"Nani kasema utadai? Utatania."

"Lakini hili si jambo la utani!"

"Lini lilikuwa la utani? Kakwambia kweli akicheka, nawe kamwambie kweli ukicheka. Kati yetu na wao hakuna mlango mwingine." Kisha, kwa sauti ndogo ambayo si yake, akaongeza, "Na mimi ndiye niliyekwambia usimwamini. Twende."

Msiba wa Ndeke ulijulikana kutoka mbali kwa ngurumo ya jenereta. Kulikuwa na hema, wanawake wamekaa chini ndani ya nyumba, wanaume nje juu ya matofali, na sufuria kubwa za kabichi zikichemka nyuma. Nkandu alikuwa akitafuta mahali pa kujificha nyuma ya mama yake, lakini mama hakuwa mbele yake tena. Bana Nkandu alikuwa ameshajitupa chini katikati ya geti, miguu huku, mikono kule.

"Hakuna maiti anayetoka hapa!" alipiga yowe. "Yuko wapi bibi yangu mla panya? Nani sasa atawasumbua panya wa Chipata? Watazaliana watufikie mpaka Kasama! Wangoni, mmempeleka wapi bibi yangu?"

Watu walioinamisha vichwa tangu Jumanne wakaviinua. Mwanamke mmoja ndani, aliyekuwa analia, alianza kucheka huku bado analia. Mzee mmoja akamtupia Bana Nkandu sarafu, akamwambia, "Haya, mla nyani, kanunue ndizi uwaite ndugu zako!" Naye akaiokota, akaiuma kama anaipima, akaitupa: haitoshi.

Ba Jere peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa pembeni bila miwani, na bila miwani alionekana kama mtoto aliyeamshwa usingizini.

Nkandu alijua ni sasa. Alikwenda akakaa mchangani mbele ya yule mzee, na maneno aliyoyapanga njia nzima yakamkimbia.

"Ba Jere," alisema. "Mama yako kesho hapiti. Nitalala kwenye njia, mimi na huyu mama yangu. Hapiti mpaka nipewe... mpaka nipewe yule bibi mwingine. Yule mweusi. Wa dakika arobaini."

Waliokuwa wakicheka getini wakageuka kumtazama. Nkandu alihisi ametukana, amevuka mpaka, na kwamba hata Solwezi sasa ni mbali kidogo, heri aende Kongo kabisa.

Ba Jere akanyanyua uso.

"Imezimika?"

"Imezimika."

"Nilikwambia."

"Ulikuwa unacheka!"

"Ningekwambia nimenuna ungesema Mngoni ana njama. Ningelia ungesema Mngoni muigizaji. Sasa mimi mtani wako nikwambie kwa uso gani?" Akapangusa macho kwa kiganja. "Siku ile uliporudi nilitaka kukwambia tena, mara ya pili. Wakati huohuo simu ikaniambia mama hatambui watu. Nikaona sina cheko la kukwambia nalo."

Kisha kitu kikamtikisa Ba Jere mabega, na dada zake waliokuwa karibu wakamsogelea wakidhani kimempanda kilio. Kilikuwa kicheko. "Wa tatu!" alisema. "Imerudishwa mara ya tatu! Na huyu kairudisha mpaka msibani! Jamani, mla nyani ana moyo!" Akatia mkono mfukoni, akatoa funguo. "Kamchukue bibi yako. Ila sikiliza: hiyo kesho utamwasha wapi? Kwenu kuna umeme?"

Katika mbio zote zile Nkandu hakuwa amelifikiria hilo.

Ba Jere akaelekeza kidevu kule nyuma ya nyumba, jenereta ilikokuwa ikinguruma. "Tunazika saa nane. Asubuhi yote inachaji simu za watu. Njoo nayo."

"Kufa kufaana," Bana Nkandu akasema kutoka getini, bado amelala chini. Hakuna aliyemkataza.

Ijumaa saa nne Nkandu alikuwa ameketi kwenye stoo ya nyumba ya msiba, kati ya magunia ya unga na kabichi, waya umepitishwa dirishani. Ile nyeusi ilikuwa juu ya kreti. Feni yake ilipiga kelele kama mzee anayepuliza chai, na kwa kuwa herufi zilikuwa zimefutika, vidole ilibidi vikumbuke vyenyewe. Skrini ikafunguka, akatokea Mma Tshenolo wa Gaborone, mwanamke mwenye uso mkavu, mikono ameikunja mezani.

"Dada Nkandu. Naona magunia."

"Ndiyo, mama."

"Haya. Tuanze."

Alianza. Tovuti ile walikuwa wameiharibu kwa ustadi wa watu wenye roho mbaya: picha zilikuwa zinabeba uzito wa lori, na ukurasa wa kuhifadhi vyumba ulikuwa ukikubali wageni wawili kwenye kitanda kimoja bila kuwauliza. Nkandu alipata kosa la kwanza, akapata la pili. Hapo ndipo kwaya ya kanisa ilipofika uani na kuanza kuimba.

Mma Tshenolo akainamisha sikio. "Hizo ni nyimbo za msiba?"

Kudanganya kungekuwa rahisi. "Ndiyo, mama. Tunazika leo. Ni mama wa mtani wangu."

"Na kwa nini hukuomba tuahirishe?"

Nkandu akatazama kibodi isiyo na herufi. Wiki nzima ya kupima betri na kuhesabu saa, na hilo halikumjia hata mara moja. "Sikujua kwamba linaombeka," alisema.

Mma Tshenolo akaandika jambo kwenye karatasi, na Nkandu akarudi kwenye kazi.

Kisha jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Alama ya betri ikatokea pembeni ya skrini. Jaribio lilikuwa limebaki nusu saa na zaidi kidogo, na tangu asubuhi yule bibi mweusi hakuwa ameshiba umeme. Nkandu akaendelea kuandika huku jicho moja likiwa kwenye ile alama, na ilipungua kama unga kwenye gunia la watu wenye njaa. Nje alimsikia mama yake: "Wangoni gani nyinyi, hata petroli mnakunywa?" Akasikia miguu ikikimbia, mlango wa gari ukifunguliwa, mtu akisema, "Hilo si la jeneza?" na mama akijibu, "Bibi hana haraka! Nyonyeni!" Betri ikageuka nyekundu. Nkandu hakuomba Mungu, alisahau. Alikuwa akiandika tu, na machozi ya hofu yakimdondokea kwenye vidole.

Jenereta ikanguruma.

Alimaliza kosa la mwisho wakati kwaya ikishusha wimbo. Mma Tshenolo alifungua ukurasa wa vyumba upande wake, akajaribu kuwalaza wageni wawili kitanda kimoja. Tovuti ikakataa. Akajaribu tena. Ikakataa tena.

"Unaanza Jumatatu, saa mbili asubuhi," alisema. Ule uso mkavu ukalegea kidogo. "Na ukifiwa, au mtani wako akifiwa, unasema. Sisi pia tunazika watu huku. Sasa zima hicho kitu, nenda."

Nkandu alitoka uani miguu mepesi mpaka akaogopa ataanguka. Ba Jere alikuwa ameinama kando ya pikapu, mpira wa kunyonyea petroli bado mkononi, akisukutua kinywa kwa maji na kutema. Mwenyewe ndiye aliyenyonya.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Basi mwondoe mama yako getini," alisema kwa sauti iliyochoka. "Mama yangu apite."

Alipita. Waliweka jeneza kwenye pikapu, kwaya ikatangulia, watu wakafuata kwa miguu na kwenye magari. Walikuwa wameshaacha lami, wameingia barabara ya vumbi inayopanda kwenda makaburini, ndipo pikapu ilipoguguma, ikarukaruka, ikasimama katikati ya mlima. Dereva akatoka, akakuna kichwa, akasema neno moja: petroli.

Watu wote wakamgeukia Nkandu. Hakuna aliyekuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomchoma. Alitamani wakasirike.

Bana Nkandu alishakunja kitenge. "Wabemba!" aliita. "Kazi imefika!" Na Wabemba wote waliokuwepo, watu wa mtaani, wa kanisani, wapita njia waliosikia tu kwamba kuna mtani amekwama, wakaja kulizunguka gari. Nkandu akaweka viganja juu ya bati la nyuma, karibu kabisa na jeneza. Bati lilikuwa la moto. Hakuondoa mikono. Wakasukuma, na Bana Nkandu akawa anawaimbia matusi yasiyoandikika juu ya uzito wa Wangoni na kilichowanenepesha.

Nkandu alikuwa analia kwa sauti. Mtani halii kwenye msiba wa mtani, ni kinyume kabisa, lakini hakuweza kuacha. Akahisi bega la mtu likigusana na lake. Ba Jere alikuwa ameacha nafasi yake mbele, pamoja na wafiwa, amekuja nyuma kusukuma, shati limemganda mgongoni na harufu ya petroli bado iko kinywani.

"Mbemba," alisema huku akihema, "unalia nini? Mama si wangu?"

Nkandu alifungua mdomo amjibu, kisha akaufunga.

Ba Jere aliliona hilo. Wakasukuma hatua kadhaa, jasho likiwadondoka. Kisha mzee akakitikisa kichwa kuelekea ile pikapu.

"Na hii imezimika," alisema.

"Imezimika, Ba Jere," Nkandu akasema, na wote wawili wakaanza kucheka, wakilia, wakisukuma, mpaka mlima ukaisha.